Fomu ya Penseli

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, nusu saa tu, na wanachama wakatuletea matope yote ya barabarani ndani ya ofisi. Meneja ametangaza kwamba mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi wa nne, kwa hiyo kila mfanyakazi aandike anachofanya siku hadi siku. Ya ofisini nimeyaandika kwenye daftari la ofisi. Hili ni langu.

Kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili ni mafaili ya chama hiki cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa idara ya maji. Ndiyo maana wananiita Mama Faili, na mimi naitika. Kazi inayonitoa jasho zaidi ni fomu ya mrithi, ile karatasi ya kijani ambapo mwanachama anaandika nani apewe akiba yake akifa. Mwanamume mzima anayeshuka shimo la maji machafu bila kupepesa macho, ukimwekea karatasi ile mbele yake anakumbuka ghafla kwamba ameacha baiskeli nje. Ndipo nikabuni dawa yangu. Nampa penseli. Aandike kwa penseli, akaizoee nyumbani, akiwa tayari arudi apitishe wino mbele yangu na mashahidi wawili, nigonge mhuri. "Penseli haijaua mtu," huwa nawaambia. Wanacheka, wanaandika. Meneja alinisifu kwenye mkutano mkuu.

Nisichokisema mkutanoni ni kwamba wengi hawarudi. Droo yangu ya chini imejaa fomu za penseli tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Miwani, keshia wetu, amekuja na viatu mkononi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo wifi amekuja kaunta. Nilimwona tangu mlangoni, kalowa mabega, kakumbatia mfuko wa nailoni kama amebeba mtoto mchanga. Nikadhani mdogo wangu amezidiwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna. Amesema nikuletee hii." Akatoa bahasha. Ndani, alisema, imo fomu ya kijani, ile niliyomwachia mdogo wangu kitandani wiki mbili zilizopita. "Ameijaza kwa penseli kama ulivyomwambia. Anauliza lini utakwenda na mhuri aipitishe wino."

Nikamwambia nitaangalia. Alipotoka nikaitupa bahasha kwenye droo ya chini bila kuifungua. Nifungue nini? Najua kilichomo. Mume hata miezi sita hajamaliza kuugua, mke keshaanza kuchukua vipimo.

Mdogo wangu ni fundi bomba wa idara. Figo zimemchoka. Mara mbili kwa wiki anasafishwa damu, na wifi, ambaye ni msafishaji kwenye zahanati, anaomba ruhusa kumpeleka. Ana miaka arobaini na mmoja. Mimi nina hamsini na mmoja. Nilimbeba mgongoni mama alipokuwa kibaruani, nikamfundisha kuandika jina lake kwa mkaa ukutani, na kazi ya idara ya maji nilimwombea mimi.

Mama hajawahi kumpenda huyu mwanamke. Miaka tisa ya ndoa, mabinti wawili, na bado anamwita "yule mgeni". Mimi simwiti hivyo. Mimi namwita wifi, ila kwa sauti ya mama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoa faili la mdogo wangu kabatini. Sijui kwa nini, mkaguzi hakuomba lile. Fomu yake ya zamani imo, ya wino, ina mhuri, ya siku alipojiunga akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Mrithi: dada yangu. Fungu: lote. Mwandiko wake umelala upande wa kushoto kama ule wa mkaa.

Nimeiangalia kwa muda mrefu, nikairudisha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paa la stoo linavuja juu ya mafaili ya herufi za mwisho. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kumwona baada ya kazi. Vyumba viwili vya kupanga, cha mbele kina kitanda chake kwa sababu dirisha ni kubwa. Sufuria mbili chini zinadaka maji ya dari. Fundi bomba wa kuziba mabomba ya mtaa mzima, na kwake kunavuja. Nilimtania hivyo, akacheka mpaka akakohoa.

Nilipoingia alipenyeza mkono chini ya mto, nikadhani anatafuta dawa. "Dada, umekuja na ile karatasi?"

"Nimeisahau."

"Wewe? Usahau karatasi?" Akanitazama, kisha akautoa mkono mtupu. "Haya. Kesho kutwa."

Wifi alinisindikiza mpaka kwenye lango na mwavuli wake, yeye akalowa. Akaniuliza tena. "Ile fomu, wifi, lini?" Nikamjibu tuna mkaguzi. Ni kweli tuna mkaguzi. Lakini karatasi haina uzito, na mhuri unaingia kwenye pochi, na jioni zangu zote ni zangu. Sina mume wala mtoto wa kunisubiri.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda tena. Nimeisahau tena, kama mtu anavyosahau kitu alichokiona kwenye droo asubuhi na jioni.

Safari hii hakucheka. "Dada, mimi nataka nimalize. Sipendi kazi ya kuacha nusu."

"Utapona, utakuja mwenyewe kaunta, utapanga foleni kama wenzako."

"Nitapanga foleni," akasema, akageukia dirisha.

Nimeandika hapa ili niseme ukweli mahali pamoja angalau. Si pesa. Nina mshahara wangu na chumba changu, na akiba ya fundi bomba haitamtajirisha mtu. Ni lile neno: dada yangu, lote. Hakuna karatasi nyingine duniani ambayo mtu ameandika jina langu hivyo. Nikipeleka mhuri, linafutwa, na ninayelifuta ni mimi kwa mkono wangu.

Jumatano, 2 Aprili

Wifi alipiga simu kaunta. Nilimwambia Miwani aseme nimetoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefua, hazikauki. Nguo zimening'inia chumbani siku ya tatu na zinanuka uvundo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempeleka mama kwa mdogo wangu. Hali si nzuri, uso umevimba na ameishiwa maneno. Wifi alikuwa anamkanda miguu, mkono mmoja mguuni, mwingine unamshika mtoto mdogo asiende kwenye sufuria ya maji. Mama akakaa kwenye kiti pekee, akauliza mbona chumba kina baridi hivi, kama kwamba wifi ndiye aliyeleta masika.

Nilimwangalia wifi leo kuliko siku zote. Vidole vyake vimepasuka kwa dawa ya kusafishia sakafu. Anamkanda mtu mzima wa kilo sabini akiwa amepiga magoti saa nzima, na mama anaongea, na yeye anaitika "ndiyo mama" na hasimami. Binti mkubwa, ana miaka saba, alinivuta sketi. "Shangazi, wewe ndiye unayeandika watu?" Nikamuuliza nani kasema. "Baba. Anasema shangazi anaandika watu wote vizuri."

Nimeona haya. Kesho nakwenda na mhuri.

Jumatano, 9 Aprili

Meneja alitubakisha kupanga mafaili. Mvua kubwa. Sikwenda.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda, na fomu, na mhuri, na pedi ya wino. Nilimchukua Miwani awe shahidi, na mpangaji jirani yao akakubali kuwa wa pili. Tumemkuta amelala, ametoka kusafishwa damu. Wifi akasema, "Nimwamshe, wifi. Amesema ukija tu nimwamshe, hata awe vipi."

Nikasema tusimsumbue. Miwani akanitazama. Wifi akasema tena, taratibu, "Amesema nimwamshe."

"Mwache apumzike. Jumatatu nitarudi."

Nilipotoka nje nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimetimiza wajibu, nimefika na vifaa vyote, na jina langu bado lipo. Bahasha niliirudisha droo ya chini. Bado sijaifungua.

Jumatatu, 14 Aprili

Barabara ya kwake imejaa maji, magari yamezuiwa. Sikwenda.

Jumatano, 16 Aprili

Mdogo wangu amefariki leo saa tisa mchana. Nilikuwa stoo nakausha mafaili ya herufi za mwisho kwa feni. Miwani alikuja mlangoni, akasimama na simu mkononi.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumemzika jana. Kaburi lilikuwa linajaa maji wakilichota kwa ndoo. Wenzake wa idara walileta pampu, wakalikausha wao wenyewe, wamevaa buti za kazi. Kazi ya mwisho aliyofanyiwa ilikuwa ya ufundi wake. Nimelia mpaka sauti imekauka, na bado kuna kitu hakijatoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Meneja ameniita ofisini na faili. Alizungumza kwa upole, ndiyo maana yalichoma zaidi.

"Mama Faili, pole tena. Unajua utaratibu kunizidi. Fomu halali ni hii ya wino. Mrithi ni wewe, peke yako."

"Kuna nyingine ya penseli."

"Ina sahihi?"

"Haina."

"Basi hiyo ni karatasi tu." Akafunga faili. "Mjane ana kitu kingine cha kutegemea?"

Nilimwambia ukweli. Mshahara wa zahanati hautoshi kodi na ada ya binti mkubwa. Mwenye nyumba amempa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Hiyo akiba ndiyo kila kitu.

Jioni mama alikuwa keshajua. Habari njema kwake hazihitaji miguu. "Mwanangu alikuandika wewe. Alikuwa na akili zake. Yule mgeni alikuja na begi, ataondoka na begi. Na mimi paa langu limeoza."

"Mama, wale ni wajukuu zako."

"Nimesema watoto? Watoto waje kwangu. Nimesema yeye."

Jumanne, 29 Aprili

Mkaguzi anaingia kesho. Miwani alifunga mlango wa stoo, akaniwekea kalamu nyeusi juu ya meza.

"Pitisha wino, Mama Faili. Mwandiko wake unaujua, ulimfundisha mwenyewe. Mimi nasaini shahidi, yule mpangaji atasaini, tarehe tunaweka ile kumi na moja tulipokwenda. Tulikwenda kweli au hatukwenda?"

"Tulikwenda."

"Basi. Mwanamke wa watu apate haki yake. Ukiichukua wewe kama mrithi, mama yako atakukalia kooni mpaka uigawe. Hii inamaliza maneno."

Akatoka. Nikaketi. Mvua ilikuwa inapiga bati, sisikii hata watu wa kaunta. Nilifungua bahasha kwa mara ya kwanza tangu nipewe. Jina la wifi lipo juu kabisa, kwa penseli hafifu, mkono wa mtu aliyeandika akiwa amelala. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya kwanza, nikaipitisha. Ilikaa sawasawa. Hakuna ambaye angejua.

Jicho langu likateremka kutafuta mahali pa kusaini, ndipo nikasoma yaliyobaki. Mke wangu, nusu. Wanangu wawili, nusu. Msimamizi wa fungu la watoto mpaka wawe watu wazima: dada yangu. Chini kuna nafasi ya maelezo, ambayo kwa miaka ishirini na miwili sijaona mwanachama akiijaza. Yeye ameijaza. "Yeye ndiye alinilea. Hawezi kuwadhulumu wanangu."

Kumbe jina langu lilikuwemo. Wiki saba lilikuwa kwenye droo yangu, karibu na goti langu, nami nikilinda lile la zamani lisifutwe.

Nimeweka kalamu chini. Mkono ulioiacha karatasi hii ilale hauwezi kuisaini kwa niaba yake. Nimelia pale stoo kwa aibu, si kwa msiba, na nazijua tofauti zake sasa.

Jumatano, 30 Aprili

Mkaguzi ni mwanamke mdogo, anaongea chini chini. Sikungoja aulize. Nimemfungulia droo ya chini mwenyewe. Fomu za penseli sitini na tatu. Nne ni za watu tuliokwisha kuwazika.

Alizihesabu mara mbili. "Hawa wanne, nani alilipwa?"

"Waliokuwa kwenye fomu za zamani. Mama aliyekwisha kufa, ikaenda mahakamani. Mke aliyeachwa. Sikumbuki wengine."

Nakumbuka wote. Nimekwenda nyumbani kwa miguu, mwavuli mkononi, sikuufungua.

Jumanne, 6 Mei

Barua ya onyo. Meneja aliinyoosha kwangu huku anaangalia kalenda. Wanachama wote hamsini na tisa walio hai waitwe, wapitishe wino. Penseli zimeondolewa kaunta. Sikubisha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewapigia simu kumi na wanane. Mmoja ameniuliza, "Mama Faili, kwani nakufa?" Nikamwambia ndiyo, wewe na mimi, uje kesho saa tatu. Amekuja.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesaini kama mrithi. Nilikwenda kwa mama kabla habari hazijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, nikamwambia zote zinakwenda kwa mjane na watoto, kama alivyoandika mwenye mali.

"Kwa penseli!"

"Kwa penseli, mama. Wino ulikuwa kwangu."

Nikamweleza yote, mpaka ile siku niliyokataa aamshwe. Mama alinisikiliza huku anapepeta maneno mdomoni, nikangoja matusi. Akasema tu, "Kumbe wewe ni mimi." Akaingia chumbani akafunga mlango. Paa lake nitalitengeneza kwa mshahara wangu, pole pole. Simu zangu hapokei.

Alhamisi, 22 Mei

Manyunyu asubuhi, kisha kukavu.

Ijumaa, 30 Mei

Leo mchana jua limetoka sawasawa. Nilikwenda kwa wifi na vitu vitatu kwenye pochi: hundi ya nusu yake, fomu mpya ya kufungua akaunti ya watoto, na ile bahasha. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye maboksi, hajui kama atahama au atabaki. Kitanda cha dirishani kimetolewa godoro.

Nilimpa hundi. Aliisoma, akaiweka juu ya boksi, akaiwekea kikombe isipeperuke. "Asante, wifi." Hakuniambia kaa.

Nikampa bahasha. "Hii haina kazi tena ofisini. Ni mwandiko wake wa mwisho. Nimeona ikae kwako."

Aliifungua, akapitisha kidole kwenye mistari bila kugusa penseli. Kidole kikasimama pale juu, kwenye jina lake. "Hii herufi si ya kwake."

"Ni yangu. Nilitaka kuighushi. Nikashindwa."

"Herufi moja," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nikamwambia nilichokwenda kumwambia. Kwamba fomu ile niliitupa kwenye droo siku aliyoileta, sikuifungua mpaka mume wake yuko kaburini. Kwamba nilidhani anaulizia pesa. Kwamba Ijumaa ile sikutaka aamshwe. Na kwamba kwa akaunti ya watoto nimekuja kumwandika yeye msimamizi, maana ndiyo haki, na mimi sistahili.

Wifi alikaa juu ya boksi. "Nilimwambia hivyo hivyo. Tulikosana kutwa nzima. Nikamwambia, dada yako hanipendi, nitakuwa naomba nauli ya watoto kwake kama ombaomba. Akasema, hawapendi watoto au hakupendi wewe? Nikasema mimi. Akasema, basi watoto hawana shida."

"Na ukaileta?"

"Nikaileta. Mvua ile."

"Ukijua imeandikwa nini."

"Nikijua. Na nikaiulizia kila nilipokuona, nikijua." Alikuwa anakunja bahasha mara mbili, anaikunjua. "Sikuwa naiulizia kwa ajili yangu, wifi. Alikuwa hatulii. Kila lango likilia anauliza, ni dada?"

Nilisema nisamehe, na neno likaanguka pale katikati ya maboksi, na wifi hakuliokota. Sina haki ya kumharakisha.

Binti mkubwa akaingia kutoka uani, akanisalimia, akaketi karibu na pochi yangu. Wifi aliinuka, akaenda kwenye maboksi, akapekua lile la vitu vya kitandani: miwani ya mdogo wangu, chupa za dawa, kitambaa. Akarudi na kalamu ya bluu.

"Alinituma nimnunulie siku ileile nilipoleta fomu. Ilikuwa chini ya mto wake. Ukiingia anaishika, ukitoka anaiachia." Akaiweka juu ya fomu ya akaunti ya watoto, mbele yangu. "Andika kama alivyosema yeye."

"Wifi, si lazima."

"Si kwa ajili yako. Andika."

Akanishikia karatasi isiteleze juu ya boksi. Kalamu ilikuwa mpya, haijaandika hata neno, ncha yake bado ina kile kitone cha nta inachotoka nacho dukani. Nikaikwaruza pembeni mwa gazeti mara tatu, mara nne, ndipo wino ukatoka.